Boroni Kabla ya Titani

11 Februari

Shemeji,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu hujibu kitu zaidi ya "eeh" na "sawa", halafu unakata ukisema tanuru linakuita. Dada yako anasema umekuwa hivyo tangu mkeo afariki. Mimi nasema umekuwa hivyo tangu siku niliyokuja kuposa kwenu. Hapa nyumbani hatujambo, ila mimi ndiyo kwanza nimetoka kwenye homa ya siku tisa, na ngazi za maabara nazipanda kwa kushika ukuta.

Nina jambo la kazi, na nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa meneja wako. Nondo zenu za myeyusho namba 318 tulizipokea mwezi uliopita, tukazitengenezea bolti nene za kufungia miguu ya kreni za majengo. Tumezipasha moto, tukazichovya kwenye mafuta, tukazipasha tena kidogo kama siku zote. Kwa nje ziko sawa kabisa, mashine ya ugumu inatoa namba nzuri. Lakini ilikatwa bolti moja katikati, na moyo wake ukakutwa laini. Ikakatwa ya pili na ya tatu, mambo yakawa yale yale. Bolti kama hiyo ikifungwa kwenye mguu wa kreni, mzigo ukija inaanza kurefuka kidogo kidogo, nati inalegea, na aliye chini hana habari.

Cheti mlichotuletea kinasema kila kitu kimo: kaboni, manganisi, kromi kidogo, titani na boroni. Sasa kama boroni imo, kwa nini chuma hakikukomaa mpaka ndani? Masanduku yote ya 318 nimeyazuia ghalani. Barua rasmi lazima niiandike ndani ya wiki tatu, ila kwanza nieleze kindugu, mlipika nini siku ile?

Dada yako anakusalimu, anauliza kama unakula.

Shemeji yako wa maabara


16 Februari

Shemeji,

Pole na homa. Mwambie dada nakula. Na siku nyingine uandike kwa herufi kubwa, taa ya chumba changu ni mbovu na fundi umeme wa mtaa huu ahadi zake ni za mwaka jana.

Unaniuliza nilipika nini. Nilipika ninachopika kwa miaka thelathini na moja. Tatizo lenu watu wa maabara mnadhani chuma ni orodha ya vitu. Chuma ni watu, kila mmoja na tabia yake. Kaboni akipungua chuma kinapinda, akizidi kinavunjika kama kigae. Manganisi unamtia amkamate salfa, maana salfa akiachwa huru chuma kinapasuka kingali chekundu. Vanadi anafanya punje ziwe ndogo, na punje ndogo ndiyo nguvu. Nikeli anakifanya chuma kistahimili kugongwa hata wakati wa baridi, lakini bei yake inamtoa meneja machozi. Kromi na molibdeni wanausaidia ugumu uingie ndani, nao si rahisi kununulika. Ndiyo maana tukaletewa boroni. Chini ya konzi moja kwa tani nzima, na bolti nene kama mkono wa mtoto inakomaa mpaka kwenye moyo. Kadogo, lakini kazi yake ya watu kumi.

Wote hao nimewatia, na cheti umekisoma mwenyewe. Sasa mimi ndiye nikuulize, mafuta yenu ya kuchovyea mmeyabadilisha lini? Mafuta yakichoka yanapoza polepole, na bolti inatoka ngumu nje na uji ndani. Chungulia pipa lako kwanza kabla hujachungulia tanuru la mwenzio.

Nimechoka leo. Tumeyeyusha mara mbili na joto la humu halina mzaha.

Fundi wa tanuru


22 Februari

Shemeji,

Nilichungulia pipa kama ulivyoniagiza. Nilimwaga mafuta yote, nikatia mapya, nikachovya bolti sita nikiwa nimesimama hapo hapo. Nje ngumu, ndani laini.

Basi nikasugua kipande mpaka king'ae, nikakipaka tindikali, nikakiweka chini ya hadubini. Moyo wa chuma umejaa mabaka meupe, ule ulaini ambao boroni huwekwa ili auzuie. Huu ni ugonjwa ulionifundisha wewe, tena mezani kwangu, ukitumia maharage ya dada yako kama mfano mpaka akatufukuza. Ulisema boroni hukaa kwenye mipaka ya punje akiwazuia walaini wasianze kuota. Lakini ana udhaifu mmoja, kwamba akikutana na naitrojeni wanashikana, na kuanzia hapo yumo tu kwa jina. Ndiyo maana titani hutangulia, amkamate naitrojeni kwanza, halafu boroni aingie akiwa huru. Boroni akitangulia, kazi imekwisha. Na cheti hakitaonyesha kitu, kwa sababu mashine huhesabu waliomo, haiulizi nani alitangulia kuingia.

Kwa hiyo nakuuliza waziwazi: zamu ile, boroni ilitangulia? Kama kuna mtu alikosea niambie ni nani. Saini iliyoko kwenye cheti ni yako, nami sitaki kuandika barua ya kukulaumu halafu nirudi nyumbani nikale chakula cha dada yako.

Shemeji yako


27 Februari

Shemeji,

Faneli za kumiminia ziko mbili juu ya ndoo ya chuma kilichoyeyuka. Ya kushoto ina titani, ya kulia ina boroni. Kila moja ina mpini wake. Navuta wa kushoto, nahesabu mpaka mia moja na ishirini, navuta wa kulia. Nimefanya hivyo mara ambazo wewe huwezi kuzihesabu, na naweza kufanya hivyo nikiwa usingizini.

Ukiona mimi ni mtu wa kukosea kushoto na kulia, andika barua yako rasmi, piga mihuri yote uliyonayo. Ila usiniandikie tena kama mkaguzi halafu umalizie na salamu za dada. Chagua moja. Na yeye usimwingize kwenye mambo haya.

Fundi


3 Machi

Kaka yangu,

Mume wangu aliandika barua yake rasmi jana. Barua zako ameziacha mezani, nami nimezisoma zote, kwa hiyo usitafute wa kumlaumu. Yeye anaona umekuwa mkali. Mimi nimeona kitu kingine.

Mwandiko wako umekuwa mkubwa kama wa mtoto wa darasa la kwanza, na mistari inapandana. Kwenye barua ya mwisho umeandika sentensi nzima juu ya nyingine. Unasema taa mbovu. Kaka, mimi ni mshona nguo. Najua mtu asiyeona tundu la sindano anavyofanya. Hasemi macho yake mabaya, anasema uzi mbaya. Na ulipokuja mwaka jana ulimkumbatia jirani yangu mlangoni ukidhani ni mimi, na yule mama ananizidi kwa kila kipimo. Tulicheka wote. Sasa sicheki.

Niambie ukweli, unaona? Mume wangu sijamwambia ninachowaza.

Mdogo wako


9 Machi

Mdogo wangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kizingitini, jua likinipiga kwenye karatasi, na lenzi niliyoinunua kwa fundi saa. Hivyo ndivyo ninavyosoma siku hizi.

Jicho la kulia limefunikwa na ukungu tangu mwaka juzi. La kushoto limeanza kulifuata. Daktari aliniambia ni mtoto wa jicho, na kwamba wengi waliotazama moto miaka mingi hupata hivyo. Akaniandikia karatasi ya kwenda kufanyiwa upasuaji. Karatasi hiyo iko chini ya godoro. Kwenye upasuaji wataniuliza kazi yangu, na nikishasema, hakuna atakayeniruhusu kurudi kwenye moto.

Kazini hakuna anayejua. Rangi ya chuma naijua kwa joto la usoni, hatua nazijua kwa idadi, na wenzangu nawajua kwa sauti na kikohozi. Tulikuwa tukienda hivyo vizuri tu. Kisha Januari wakakarabati jukwaa la juu, na walipozirudisha zile faneli wakazibadilisha nafasi. Titani ikawa kulia, boroni kushoto. Walibandika tangazo ukutani. Mpima mizani wetu, yule mama anayezijaza faneli, aliandika jina kwa chaki kwenye kila moja, tena akaniletea daftari la tangazo nisaini kwamba nimesoma.

Nikasaini. Nilisema, "Nimeona, mama." Sikuona kitu.

Sikujua mpaka barua ya pili ya mumeo ilipofika. Siku ile wenzangu walipokwenda kula nilipanda jukwaani nikaweka pua yangu kwenye faneli ya kushoto. Nikasoma herufi moja moja. Ilikuwa boroni. Nilikaa chini pale pale kwenye vyuma, na nakwambia ukweli mdogo wangu, nililia. Halafu nikaja kumwandikia mumeo ile barua ya matusi.

Tangu siku ile navuta wa kulia kwanza. Kosa halitarudi. Zile 318 mumeo amezizuia ghalani, hazitamdhuru mtu. Nastaafu mwezi wa nane. Naomba uninyamazie mpaka hapo. Tangu wifi yako aondoke, nyumba yangu ni chumba kimoja chenye kitanda na koti lake nyuma ya mlango. Tanuru ndipo mahali pekee ninapoingia watu wakageuka. Nikiondolewa kule sijui nitaamkia wapi.

Kaka yako


14 Machi

Kaka,

Nimesoma barua yako nikiwa nimejifungia chumba cha cherehani. Mume wangu ameniuliza nalia nini, nikamwambia nimejichoma sindano. Miaka ishirini na mbili sijawahi kumdanganya mtu yule, na uongo wangu wa kwanza umenunuliwa na wewe.

Nitanyamaza wiki mbili, si mpaka mwezi wa nane. Ndani ya wiki hizo uitoe karatasi chini ya godoro uende hospitali. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe maradhi yako umeyaficha kwenye kazi ya watu wengine. Hasira ninazo na huruma ninayo, zote kwa pamoja, na zinanichosha sana.

Mdogo wako


20 Machi

Shemeji,

Leo naandika kuomba radhi, na sina mazoea nayo kwa hiyo vumilia.

Jibu la kiwanda chenu limetufikia. Wamechunguza na wamempata aliyekosea. Ni yule mama mpima mizani. Wanasema alizijaza faneli kinyume, boroni mahali pa titani, siku ya 318. Yeye amekataa, anadai aliandika kwa chaki, lakini chaki ilishafutwa. Na daftari linaonyesha wewe ulisoma tangazo ukasaini, kwa hiyo upande wako hauna doa. Wamemsimamisha kazi tangu Jumatatu.

Shemeji, nilikushuku. Nilikaa na shaka hiyo mwezi mzima, nikila kimya kimya, na nadhani dada yako aliiona maana naye amekuwa kimya. Ulipokuwa mkali nilidhani ni ukali wa mwenye kosa, kumbe ulikuwa ukali wa anayesingiziwa. Nisamehe. Mungu naye anisamehe, maana niliposoma jina la yule mama nilifurahi kwamba si lako.

Njoo upumzike kwetu siku mbili tatu. Umefanya kazi vya kutosha.

Shemeji yako


26 Machi

Shemeji,

Usiniombe radhi tena maishani mwako.

Barua yako niliisoma kizingitini, nikairudia, nikaiweka mfukoni, nikaenda nyumbani kwa yule mama. Nilikuwa sijui anakokaa, nimefanya naye kazi miaka tisa. Niliuliza njiani mara nne. Nilimkuta anaosha vyombo uani. Hakushtuka kuniona. Alinipa kigoda, akaendelea kuosha.

Nikamwambia, "Mama, nimekuja kuhusu zile faneli."

Akasema, "Fundi, wewe uliniambia umeona."

"Nilikuambia."

"Na uliona?"

"Sikuona. Siku hizi sioni, mama. Uso wako hapo ulipo siuoni."

Akaacha kuosha. Akasema kwamba alishajua. Aliona mara mbili navuka jukwaa nikipapasa reli, akajiambia ni uzee. Akasema alifikiri kunitaja wakati wa kuhojiwa, ila akaona haiwezekani mtu kama mimi asione kisha akubali kusaini. Nilitamani anitukane. Aliniuliza tu kama nimekula. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, shemeji, nami ule wake niliuona mwepesi mpaka nilipokaa kwenye kile kigoda.

Jana asubuhi niliingia kwa meneja. Nimeeleza yote: macho, tangazo, saini. Kofia na miwani ya moto nimeviacha mezani kwake. Yule mama amerudishwa kazini leo. Mkeo alikuwa anajua kuhusu macho tangu mapema mwezi huu, nilimwomba anyamaze. Usimgombeze. Mkosaji ni mimi.

Sasa soma hapa kwa makini, maana hili hata yeye sikumwambia. 318 haikuwa peke yake. Tangu jukwaa likarabatiwe mpaka siku niliyoweka pua kwenye faneli nikagundua kwamba walizibadilisha nafasi, nilipika chuma cha boroni mara nne: 314, 318, 321 na 326. Zote nilivuta kushoto kwanza. Nilimwambia dada kwamba hakuna wa kudhurika, na nilipokuwa naandika maneno hayo nilikuwa naijua idadi. Kila nilipolala nilikuwa nazihesabu. 321 na 326 zimepatikana, zilikuwa bado uwanjani kwetu hazijapakiwa. 314 ililetwa kwenu, wiki mbili kabla ya 318.

Sijui mmeifanyia nini. Kama ingekatwa mngekwisha kuniambia, nami kila siku nimekuwa nikingoja uniambie. Itafute, shemeji. Itafute leo.

Fundi, ambaye si fundi tena


4 Aprili

Shemeji,

Nimeipata. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa juu ya vyuma, si mezani.

Kanuni ya maabara yetu ni kwamba kila myeyusho unaoingia, ukishatengenezwa bolti, zinachukuliwa tatu zinakatwa katikati. Si kupima ugumu wa ngozi ya nje tu, ni kukata. Kanuni hiyo niliiandika mimi mwenyewe na iko ukutani kwa mwandiko wangu.

Yako sikuwahi kuikata. Miaka kumi na moja, kila nondo zikija na saini yako, nilipima ngozi, nikapiga muhuri, nikapeleka ghalani. Nilikuwa nawaambia vijana kwa majivuno, "Huyu ni shemeji yangu, chuma chake hakikatwi." Ikawa desturi ya maabara. Waliona ni heshima, na mimi niliona hivyo hivyo. Ile 318 unayoijua haikukatwa na mimi. Nilikuwa kitandani na homa. Aliikata msichana mgeni wa zamu nyingine, ambaye alisoma kanuni ukutani na hakuna aliyemweleza habari za shemeji yangu. Kwenye barua yangu ya kwanza niliandika "ilikatwa". Nilikuwa naona aibu kusema ni nani.

314 niliipima mimi kabla ya homa. Ngozi nzuri, nikapiga muhuri. Ilishafungwa kwenye mguu wa kreni inayojengea jengo la ghorofa kumi na mbili, bolti sitini na nne. Barua yako ilifika saa nne asubuhi. Saa sita kreni ilikuwa imesimamishwa na watu wametolewa chini yake. Mkuu wa ujenzi alinitukana vya kutosha, nikamwacha amalize.

Tulizibadilisha nne nne kwa siku tatu. Nilipanda mwenyewe na spana. Nati kumi na tisa nilizizungusha kwa vidole, zilikuwa zimelegea kiasi hicho. Bolti saba zilikuwa zimerefuka, ukiziweka kando ya mpya unaona kwa macho. Moja ilikuwa na ufa uliofika katikati. Upande ule ndio mwendesha kreni aliokuwa akiupandia asubuhi kila siku, na watu walikuwa wanapita chini yake kwenda kuchota maji.

Hakuna aliyeumia. Nimejiambia hivyo mara nyingi.

Nimemweleza mkuu wangu kuhusu desturi yangu. Muhuri nimenyang'anywa na amepewa yule msichana. Mimi naosha vipande na kusugua. Sina kinyongo, nastahili. Dada yako sikumgombeza. Tulikaa jikoni kila mmoja akamweleza mwenzake alichokificha, na chai ikapoa.

Wewe ulikosea kwa sababu huoni. Mimi nilikuwa na macho mazima, na sikutazama kwa sababu kilikuwa chako.

Shemeji yako


11 Aprili

Shemeji,

Mwandiko huu ni wa mkeo. Yuko hapa kando ya kitanda changu, naye anaandika ninayosema. (Anasema polepole sana, kama anayehubiri. Mimi, mkeo.) Jicho la kulia wamelifanyia upasuaji jana, la kushoto watalifanyia baada ya mwezi. Nimefungwa bandeji, na wodi nzima inanuka dawa. Jirani yangu wa kitanda ni dereva wa lori, anakoroma mpaka vioo vinajibu.

Barua yako amenisomea mara mbili. Nilimwomba arudie ile sehemu ya ufa, akakataa, nikambembeleza, akarudia.

Nimefikiri la kukujibu usiku na mchana, maana hapa vyote vinafanana. Sitakuambia usijilaumu. Umekosea. Ungeikata, shemeji. Miaka kumi na moja ulipiga muhuri kwenye jina langu, nami nilijua. Ndiyo, nilijua. Wapakiaji walikuwa wanaleta habari, wanasema kule kwa shemeji yako chuma chako kinapita bila kuguswa, nami natembea kifua mbele. Wala siku moja sikukutumia neno kwamba kata, kama unavyokata cha wengine. Macho yalipoanza kufifia ndipo nilipopaswa kukuomba hivyo kuliko wakati wowote, na ndipo nilipofurahi zaidi kwamba hukati.

Meneja amesema nitamalizia miezi yangu mlangoni, kuandikisha magari. Nimekubali. Yule mama mpima mizani alikuja juzi kunitazama. Alinimenyea chungwa, akaniwekea vipande mkononi kimoja kimoja, akaondoka. Sijui kama amenisamehe, na sikumuuliza.

Nimechoka, shemeji. Si uchovu wa kazi, ule niliuzoea na dawa yake ni usingizi. Huu wa sasa nimelala nao siku tatu na bado upo. Nafikiri wewe unao pia. Kwa hiyo nikitoka hapa nitakuja kwenu, tukae nao pamoja, tusubiri upite. (Nimemwambia chumba kipo. Analia chini ya bandeji na daktari amekataza. Mimi.)

Kesho wananifungua. Jumamosi dada atanileta. Utanipokea mlangoni, na najua utaniuliza naonaje, nami nitakujibu vizuri sana, maana jibu hilo limenikaa mdomoni miaka miwili. Usinikubalie. Usinionee haya wala usinihurumie. Chukua gazeti, simama mbali, uniambie nikusomee.

Shemeji yako